Huru Mbele ya Hakimu, Mpangaji Mbele ya Bwana

Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwalipa mabwana fidia, ikawabana waliokuwa watumwa na kuwaacha masuria nje ya mlango. Miaka 11 baadaye, sheria ya ardhi ikarudia mambo hayo kwa namna yake upande wa Mombasa na Malindi.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Muhammed alitia saini amri fupi yenye vifungu vichache tu. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba siku hiyo utumwa ulikoma Zanzibar. Lakini anayeisoma amri yenyewe haoni mahali palipoandikwa kwamba watumwa wote sasa ni huru. Kilichoandikwa ni kwamba kuanzia siku ile mahakama hazitamsaidia tena mtu anayesema, "Fulani ni mtumwa wangu, nirudishieni." Aliyetaka kuachana na bwana wake ilimlazimu aende mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya akaombe. Asiyekwenda alibaki pale pale alipokuwa.

Na aliyekwenda alikutana na kifungu cha nne.

Kifungu hicho kilisema kwamba mtu ambaye uhuru wake umetambuliwa rasmi atapaswa kuonyesha kuwa ana makazi ya kudumu na njia ya kujikimu, la sivyo atahesabiwa kuwa mzururaji. Kama makazi yake yako kwenye ardhi ya mtu mwingine, atamlipa mwenye ardhi kodi watakayokubaliana mbele ya mahakama, na kodi hiyo yaweza kuwa kazi au mazao badala ya fedha. Mtumwa wa shamba la karafuu hakuwa na ardhi. Kibanda chake, konde lake la mihogo na njia anayopita kwenda kisimani, vyote vilikuwa ndani ya shamba la bwana. Kwa hiyo siku ile ile aliyotambuliwa kuwa huru, sheria ilimtaka arudi kwa mtu aliyemkimbia na kupatana naye kodi.

Hakuna mkazi mwingine wa visiwa hivyo aliyewekewa sharti kama hilo katika amri ile. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Mji Mkongwe, mvuvi wa Tumbatu au mkulima wa Makunduchi hakutakiwa kuthibitisha anapolala na anachokula ndipo ahesabiwe raia mwema. Aliyetakiwa kufanya hivyo ni yule aliyekuwa mtumwa peke yake.

Karafuu kwanza

Masharti hayo hayakuingia kwa bahati mbaya. Hamoud alikalia kiti cha usultani kwa nguvu ya Waingereza, baada ya manowari zao kuipiga mizinga kasri ya Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Wanaharakati wa Uingereza waliokuwa wakipinga utumwa walikuwa wamechoka kusikia kwamba bendera yao inapepea juu ya nchi ambayo bado ina watumwa, na waliibana serikali yao bungeni. Kwa upande wake Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza kisiwani, hakuwa na haraka. Kwa maoni yake, kuwaachia watumwa kwa mkupuo kungewafukarisha Waarabu wenye mashamba, kungeujaza mji wezi na makahaba, na kungeiua karafuu.

Karafuu ndiyo iliyokuwa ikiilisha serikali, kwani robo nzima ya zao hilo ilichukuliwa kama ushuru. Mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi, na wenye mashamba walikuwa tegemeo la kisiasa la usultani. Amri ya 1897 iliandikwa kwa kuyaangalia mambo hayo yote. Ilikusudiwa kuiridhisha London bila kusimamisha uchumaji wa karafuu.

Zanzibar ilikuwa na uzoefu wa amri za aina hiyo. Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alikubali kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini, na soko la Mkunazini likageuka kiwanja cha kanisa kuu la Kianglikana. Aliyekwisha kununuliwa hakuguswa na mkataba ule. Tarehe 1 Agosti 1890, Sultani Ali bin Said alipiga marufuku kuuza na kununua watumwa, akaamuru watumwa wa bwana asiye na watoto wawe huru bwana huyo akifa, na akampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa bei ya haki. Mwezi huo huo haukwisha, mabwana wakiwa wamekasirika, likatoka tangazo jingine: mtumwa akileta fedha kwa kadhi ili ajikomboe, bwana halazimishwi kuzipokea.

Fidia kwa nani?

Kifungu cha pili cha amri ya 1897 kilimpa bwana haki ya kwenda mahakamani akaeleze hasara aliyopata kwa kuondokewa na mtumwa, naye alipwe fidia. Kifungu cha tatu kilikumbuka hata kuikinga fidia hiyo isinyakuliwe kwa madeni ambayo mtumwa mwenyewe, kwa sheria, asingeweza kukamatwa kwayo. Waingereza walikuwa wamefanya vivyo hivyo katika makoloni yao mengine, ambako sheria ya 1833 iliwatengea wenye watumwa pauni milioni 20. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila ujira, amri ya Zanzibar haikutaja fidia yoyote.

Mahakama nazo zilikuwa na watu wake. Za wilaya ziliwekwa mikononi mwa maliwali Waarabu, yaani watu wa tabaka lile lile lililomiliki mashamba, huku maofisa wa Kiingereza wakisimamia. Huko Pemba alipelekwa J. P. Farler, padri wa Kianglikana, kusimamia utekelezaji. Jamii ya Kikristo ya Waquaker kutoka Uingereza nayo ilifungua misheni yake Pemba mwaka huo huo wa 1897 chini ya Theodore Burtt, na watu wake wakawa wanaandika barua kwao kulalamika kwamba utekelezaji unakwenda polepole mno na kwamba watumwa wengi hawaelezwi haki zao.

Mtu angejua vipi haki ambayo aliyepewa jukumu la kumweleza ndiye angepata hasara akiijua? Wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Baadhi walipatana na mabwana zao kimyakimya, wengine walihama usiku wakaenda mjini au kuvuka bahari, na wazee wengi walibaki kwa sababu hawakuwa na kwa kwenda.

Mihogo ruhusa, mnazi marufuku

Mapatano yaliyofanyika mashambani yalikuwa na sura moja karibu kila mahali. Zama za utumwa, desturi ya mashamba ya Unguja na Pemba ilikuwa siku 5 za kazi ya bwana, na Alhamisi na Ijumaa mtumwa alilima chake. Katika mapatano mapya, aliyeachwa huru alipalilia mikarafuu ya mwenye shamba siku 3 au 4 kwa wiki, na badala yake akaruhusiwa kukaa na kulima. Msimu wa kuchuma ukifika alilipwa kwa pishi. Hayo yalikuwa mabadiliko ya kweli, na waliokuwa watumwa waliyang'ang'ania: mwenye shamba akizidisha ukali walihamia kwa jirani, kwa sababu karafuu zilihitaji watu kuliko watu walivyomhitaji bwana fulani.

Hata hivyo mpaka ulikuwa wazi. Aliyeachwa huru aliweza kupanda mihogo, viazi, mtama au kunde katikati ya mikarafuu. Mnazi hakuruhusiwa kupanda, wala mkarafuu, wala mwembe. Katika desturi ya visiwani mti una mwenyewe, na mwenye mti ana kauli juu ya mahali ulipo. Anayeachiwa apande mnazi leo ataudai kesho, na wajukuu wake watadai kivuli chake. Mihogo hung'olewa ikaisha, na anayeipanda hawezi kusema kesho kwamba ana chochote pale. Kwa sheria hiyo isiyoandikwa, familia iliweza kukaa shamba moja vizazi viwili au vitatu bila kupata haki hata ya pale kibanda kiliposimama.

Wanawake waliobaki ndani

Kundi moja amri ya 1897 ililiacha nje kwa kulitaja: masuria. Kifungu cha tano kilisema watahesabiwa kuwa watu wa nyumbani kama wake wa ndoa, na watabaki katika hali waliyo nayo. Suria angeweza kuomba kuachana na bwana wake kwa sababu ya ukatili tu, na ilibidi authibitishe mahakamani. Asiyekuwa amezaa angeweza kukombolewa, kwa idhini ya mahakama.

Waliotunga kifungu hicho walijitetea kwamba hawataki kuingilia nyumba za watu. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni huru na hurithi sawa na mtoto wa mke, na mama yake huwa huru bwana akifa. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wana wanne wa Seyyid Said waliotawala Zanzibar kwa kufuatana, wote walizaliwa na masuria. Suala hilo liligusa ukoo wa mfalme mwenyewe.

Lakini mtoto kuwa na hadhi hakukumpa mama haki ya kuondoka. Mke wa ndoa alikuwa na mahari, walii na njia zake za kudai talaka. Suria alihesabiwa mke pale tu ilipohusu kumzuia. Na bwana yeyote ambaye mtumwa wake wa kike alikwenda mahakamani alikuwa na jibu tayari: huyu ni suria wangu. Hapo ikabaki kauli ya mwanamke dhidi ya kauli ya mwenye nyumba.

Ilichukua miaka 12 kabla ya amri ya 1909, chini ya Sultani Ali bin Hamoud, kuwaingiza masuria katika uhuru. Nayo ilikuwa na ncha yake: suria atakayeondoka bila ridhaa ya bwana wake atapoteza haki alizokuwa nazo, pamoja na haki ya kukaa na watoto aliomzalia. Fidia kwa mabwana iliendelea kudaiwa hadi mwisho wa 1911.

Kwa kadhi kulikuwa na hesabu nyingine. Fiqhi humwachia aliyemwacha mtumwa huru uhusiano unaoitwa wala: aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, bwana wa zamani ana haki katika mali yake, na mwanamke aliyeachwa huru asiye na ndugu wa kiume huozeshwa na huyo huyo. Watu waliotekwa Nyasa au Unyamwezi wakiwa wadogo hawakuwa na ndugu wa kuwataja. Isitoshe, waumini wengi waliona kwamba karatasi ya serikali haimwachi mtu huru mbele ya Mungu, na kwamba kauli ya bwana ndiyo imwachayo. Kwa hiyo wapo waliokuwa na hati mkononi lakini bado wakaenda kuiomba kauli hiyo, ili ndoa zao na maziko yao yasitiliwe shaka.

Bahari moja, tarehe tatu

Watu walioletwa pwani katika msafara mmoja waliweza kupata uhuru kwa kupishana miaka 25, kulingana na upande wa bahari walikouzwa. Aliyepelekwa Unguja alipata amri ya 1897. Aliyeuzwa Mombasa, Malindi au Lamu, katika ukanda wa pwani uliotawaliwa na Waingereza kwa jina la Sultani, alisubiri hadi tarehe 1 Oktoba 1907. Aliyebaki Bagamoyo, Tanga au Kilwa chini ya Wajerumani hakuona sheria ya kufuta utumwa muda wote wa utawala wao. Serikali ya Kijerumani ilitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja na kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa Tanganyika mwaka 1922, Waingereza walipokwisha kuitwaa.

Hata ndani ya Mombasa walikuwapo watu huru wa namna mbalimbali. Waliookolewa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi walipelekwa Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa. Huko walipata shule, ufundi na mzungu wa kuwasemea. James Mbotela, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* kilichochapishwa mwaka 1934, alitoka katika jamii hiyo. Watoro waliokimbilia misheni ya Rabai walikuwa katika hatari ya kurudishwa hadi tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Waingereza ilipowalipa mabwana wao ili watu wapatao 1,400 wapewe hati. Mtoro aliyejificha msituni bila mmisionari hakulipiwa na mtu.

Msajili wa hati

Mwaka mmoja baada ya utumwa kufutwa kwenye ukanda huo wa Kenya, serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi ya 1908. Kila anayedai ardhi pwani alitakiwa apeleke dai lake kwa msajili. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai na kuithibitisha ilikuwa mali ya serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Wakati huo mashamba makubwa ya nafaka ya Malindi na Mambrui yalikuwa yamekufa, kwa kuwa watumwa waliokuwa wakiyalima walikuwa wametawanyika. Waliolima sasa ni waliokuwa watumwa na majirani zao Wagiriama, kila mtu na konde lake. Lakini msajili hakuuliza nani analima. Aliuliza nani ana karatasi ya kadhi, nani alirithi kwa nani, nani ana mashahidi wanaokubalika. Maswali hayo yaliweza kujibiwa na familia za Waarabu na Waswahili wenye ukoo unaojulikana, pamoja na wafanyabiashara waliokuwa wakinunua ardhi kwa kukisia kwamba itapanda bei. Aliyeachwa huru mwaka jana hakuwa na cha kuonyesha ila jembe. Alipoamka, ardhi aliyoilima ilikuwa imeandikwa kwa jina la mtu, au kwa jina la Mfalme, naye akawa skwota.

Mwanahistoria Frederick Cooper aliyaeleza mabadiliko hayo kwa kina katika kitabu chake cha 1980 kuhusu Zanzibar na pwani ya Kenya, na kichwa cha kitabu hicho kinaitaja safari nzima: kutoka utumwani hadi uskwota.

Ng'ambo wagoma

Zanzibar, wengi waliochoka na mashamba walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Huko walijenga vibanda vya udongo na makuti kwenye viwanja vya watu wenye mali au vya wakfu, mara nyingi kwa kodi ndogo au bila kodi. Nyumba ilikuwa ya mpangaji, kiwanja cha mwingine. Mji ulipokua, wenye viwanja wakaanza kudai kodi na kuipandisha. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma. Walikataa kulipa kodi ya viwanja, wakaandamana, na wenzao walipokamatwa wakaenda kuwatoa. Serikali, iliyozoea kuwaona kama wazururaji, ilijikuta inapaswa kuzungumzia kodi za viwanja na kuziwekea mipaka.

Jirani yao mmoja alikuwa mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa wazazi watumwa, aliyeingia mjini mwaka 1911 na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Miongoni mwa nyimbo zinazohusishwa naye ni "Kijiti", inayosimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitoroka kwenda bara, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Watu wa Ng'ambo waliposikia wimbo huo hawakuhitaji kufafanuliwa. Mahakama ilikuwa ile ile waliyoijua.

Kukosa hati kuliendelea kuwaumiza watu kwa muda mrefu baada ya neno mtumwa kuondoka kwenye vitabu vya sheria. Uchaguzi wa 1957 ulipoleta ushindani wa vyama, maskwota wa mashamba ya Unguja, wakiwemo wazao wa watumwa na wahamiaji kutoka bara, walifukuzwa na wenye mashamba kwa sababu ya siasa zao. Mapinduzi ya 1964 yalibadili jambo hilo kwa mkato: ardhi ilitaifishwa, na kuanzia 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu. Ugawaji huo uliondoa umwinyi wa ardhi, ingawa kwa kuwanyang'anya wengine bila fidia na baada ya damu nyingi kumwagika.

Pwani ya Kenya haikupata ugawaji wa aina hiyo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Mei 2013 iliitaja ardhi ya Pwani kuwa mojawapo ya dhuluma kubwa za kihistoria nchini. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ili madai ya namna hiyo yasikilizwe, yakianzia tarehe 15 Juni 1895, siku Uingereza ilipotangaza ulinzi wake juu ya nchi. Usajili wa 1908 uko ndani ya kipindi hicho. Lakini sheria hiyo iliweka muda wa miaka 5 wa kupeleka madai, na ilieleza dhuluma ya kihistoria kuwa ni ile iliyosababisha watu kuhamishwa kutoka makazi yao ya kawaida. Wazao wengi wa watumwa wa Malindi na Mambrui hawakuhamishwa popote. Wanalima pale pale walipolima babu zao, kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa majina ya wengine, na sharti hilo la kuhamishwa liliwaacha na dai lisilo na kifungu cha kuliegemea.